Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Kuhusu Sabuni ya Maji

Mheshimiwa Profesa,



Kwa heshima na taadhima naanza kwa kukuomba radhi. Najua ratiba yako imejaa. Najua pia kwamba barua ya kwenda kwako hupita kwanza kwa Mkuu wa Idara, ikapanda kwa Amidi, ikapanda kwa Rasi wa Ndaki, ikalala masijala siku kadhaa, ndipo ikufikie ikiwa na mhuri wa kila mlango. Mimi sina Mkuu wa Idara. Nina mashine mbili za kudurufu, moja nzima, na kibanda cha steshenari mkabala na geti kuu. Ndiyo maana nimethubutu kukuandikia hadharani, ambako hakuna masijala.

Kwa adabu hiyohiyo sitakitaja chuo chako. Nchi hii ina vyuo vikuu vya umma kadhaa, kila kimoja kina Makamu Mkuu wake, na sipendi kumwonea mtu. Ukisoma ukaona huyu siye wewe, nisamehe, kisha umpe jirani yako.

Naomba nijitambulishe. Nilihitimu Shahada ya Biashara hapohapo kwako, enzi ambazo jengo la Kituo cha Ubunifu lilikuwa bado stoo ya viti vibovu. Siku ya mahafali tuliambiwa tusitegemee kuajiriwa, tukajiajiri. Nikatii. Kwa hiyo mimi ni yule mhitimu ambaye hotuba za mahafali humtaja kila mwaka bila kumwalika.

Kazi yangu ina kasoro moja ambayo lazima niikiri mapema: karibu kila karatasi ya chuo hupita mikononi mwangu. Siisomi kwa kusudi baya. Lakini mtu akisimamia mashine inayotoa kurasa 60, macho ayaweke wapi?

Kabla ya yote nakupongeza kwa Kituo cha Ubunifu na Ujasiriamali. Ratiba ya uzinduzi niliichapa mimi: kuwasili kwa mgeni rasmi, kukata utepe, ngoma, chakula cha mchana kwa wageni waalikwa. Jengo ni zuri. Lina milango ya vioo, viti vya rangi rangi, ukuta uliochorwa balbu inayowaka, na intaneti ambayo, kwa ushahidi wa vijana wanaochuchumaa nje ya ukuta huo usiku na simu zao, ni kali kuliko ya maktaba. Wanakaa nje kwa kuwa kituo hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, ambazo ndizo saa zao za vipindi, na Jumamosi hakifunguliwi kabisa. Mwenye ufunguo ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma ana saa zake. Simlaumu hata kidogo. Nauliza tu, kwa unyenyekevu, kama ufundi wetu umefikia mahali pa kuchonga ufunguo wa pili.

Nakupongeza pia kwa somo la ujasiriamali, ambalo sasa kila mwanafunzi hulisoma, awe wa uhandisi au wa fasihi. Hatuko peke yetu katika hilo. Nigeria walilifanya la lazima katika vyuo vikuu vyao tangu katikati ya miaka ya 2000. Kwangu mimi somo hili ni riziki, maana kila muhula makundi ya watu wanane, kumi, hutakiwa kuwasilisha andiko la biashara likiwa limechapwa na kubanwa kwa spairo, plastiki mbele, kadi nyuma. Mengi ni ya kuku wa mayai. Kuku hao ni wa ajabu, Mheshimiwa. Hawapati kideri, pumba zao hazipandi bei, hakuna anayewaiba, na ikifika mwaka wa tatu faida ni ya mamilioni. Niliwahi kukuta andiko ambalo ukurasa wa 14 ulikuwa bado na jina la kiongozi wa kundi la mwaka uliotangulia. Nikawaonyesha. Wakanishukuru, wakalifuta, tukarudia ukurasa mmoja kwa shilingi mia. Yai lenyewe sijaliona hadi leo.

Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye alikuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata kusimama chenyewe mwaka 1970, alikuwa ameandika mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea akitaka shule ziwe pia jumuiya za uchumi: shamba liwe shamba kweli, mavuno yaliwe, na hasara ikitokea ionekane kwenye sahani. Tunaweza kubishana sana kuhusu yaliyofuata, maana mashamba mengi ya shule yaliishia kuwa adhabu ya wachelewaji. Lakini hata wakosoaji wake wakali sidhani kama walitegemea tutafika mahali pa kufuga kuku kwenye karatasi na kuwasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Sasa, kwa idhini yako, niingie kwenye lililonileta. Ni sabuni ya maji.

Yuko binti mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma Kemia. Hutengeneza sabuni nyuma ya kibanda changu kwa kuwa hosteli kuna tangazo, nililolichapa mimi, lisemalo kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kufanya biashara ya aina yoyote ndani ya eneo la Chuo, na chini yake sahihi ya Mshauri wa Wanafunzi. Usiku huloweka soda ash kwenye ndoo, akaiacha ipoe mpaka asubuhi. Asubuhi huchanganya salfoniki na slesi, akikoroga upande mmoja bila kugeuza mwiko, akiongeza maji kidogo kidogo. Halafu ile soda, halafu glisirini, rangi, marashi. Chumvi huja mwisho, na hapo ndipo penye kazi. Ukitia chumvi, sabuni huanza kushikana. Ukiongeza, inazidi kuwa nzito, unafurahi. Ukiingiwa na tamaa ukaongeza tena, ghafla inalegea na kurudi majimaji mbele ya macho yako. Akina mama wengi wa mtaani waliofundishwa sabuni kwa semina ya siku moja hupoteza mtaji wao papo hapo, wakaambiwa wana mkono mbaya. Binti huyu yeye hukuchorea mchoro kwenye karatasi chakavu: mstari unapanda, unafika kileleni, unashuka, kisha anakwambia kwa mchanganyiko wake kilele kiko wapi, kwa gramu. Kaijua sababu darasani kwako. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu, nami nilijivunia kwa niaba yako.

Aliomba kwenda kupima ukali wa sabuni yake maabara, ili kila pipa lifanane na lililopita. Alijibiwa vizuri tu kwamba maabara ni ya praktiko zilizomo kwenye ratiba. Akanunua vikaratasi vya kupimia kwa fedha yake. Anahitaji kipimo hicho kwa sababu anaitamani nembo ya ubora ya TBS, ambayo mjasiriamali mdogo huiendea akiwa na barua ya utambulisho ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, na TBS hawapimi nia ya mtu, wanapima sampuli. Mita mia tatu kutoka kwenye pipa lake kuna mashine ambayo ingempa jibu kwa dakika chache, na mwalimu wa kumweleza jibu hilo lina maana gani.

Siku moja alibeba madumu mawili ya lita 20 kuwapelekea wateja wake hosteli. Askari wa getini wakayazuia. Hawakumtukana wala kumsukuma. Walikuwa na adabu kama ya barua hii. Walimwandikia karatasi yenye maneno “vielelezo: madumu 2” na kumpa tarehe ya kamati ya nidhamu. Juma hilohilo alikuwa na mtihani wa ujasiriamali, na swali la tatu liliwataka watahiniwa waeleze changamoto zinazowakabili wajasiriamali wadogo nchini. Aliomba karatasi ya ziada.

Sisemi kwamba marufuku ile haina sababu. Nimeishi hosteli. Najua majiko ya umeme yaliyounganishwa kwa nyaya za kuungaunga, najua bweni likishika moto ni nani atakayesimama mbele ya kamera kuwaeleza wazazi. Najua pia kijana aliyenogewa na kuuza simu hadi akafeli na kusapu masomo manne, na muhula uliofuata akadisko, chuo kikamwondoa. Hayo ni mambo mazito na nakubali yawe na kanuni. Ila tangazo halikukataza moto, limekataza biashara. Kusuka nywele hakuunguzi bweni. Kuuza daftari, kushona vishikizo, kurekebisha kioo cha simu, kutengeneza tovuti ya duka la mtu wa Mbeya huku umekaa kitandani, yote hayo kwa maandishi yale ni kosa sawa na jiko la umeme. Na wote wanayafanya, Mheshimiwa. Kila bloku ina msusi, ina fundi simu, ina muuza marashi mwenye lipa namba aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati ili mkaguzi asiione. Mwaka 2018 Rais Magufuli aliwapa wamachinga kitambulisho cha shilingi 20,000 ili mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka afanye kazi bila kukimbizwa. Uwe mzuri au mbaya, utaratibu ule ulimtambua muuza karanga wa stendi. Msomi wa mwaka wa tatu bado anajificha kabatini.

Turudi getini. Madumu yale mawili yakiwa bado yamepangwa ukutani kama vielelezo, geti lilifunguliwa kwa kirikuu iliyosheheni madumu ya sabuni ya maji, ya mzabuni kutoka mjini, kwa ajili ya vyoo vya Jengo la Utawala. Niliona kwa macho yangu. Askari waliipigia saluti.

Hapa ndipo ombi langu kubwa lilipo, na nisingependa lipotee katikati ya heshima. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi kama yako zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Siwezi kukufundisha sheria. Kitengo chako cha Ununuzi kinaijua, na mfumo wa ununuzi wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023 umewekewa utaratibu wa makundi hayo. Nakumbusha tu kwamba ukitafuta vijana, huna haja ya kutuma gari. Chuo kinanunua sabuni, fulana za wiki ya wanafunzi wapya, maji na sambusa za vikao, maua ya ukumbi, matengenezo ya kompyuta, picha za mahafali, vipeperushi. Kila kimoja katika hivyo kuna mwanafunzi anayekifanya vizuri. Baadhi yao nawachapia kadi za biashara, ambazo huja kuzichukua usiku.

Wanaoendesha semina hupenda kuzungumzia mtaji. Sibezi mtaji. Lakini mimi niliyeanza na mashine ya mtumba iliyokuwa ikimeza karatasi, kilichonisimamisha ni shule moja ya sekondari iliyonipa mitihani yake ya muhula niichapishe, ikalipa juma lilelile. Kwa oda ile nilijua bei zangu, nikajua makosa yangu, nikapata cha kumwonyesha mteja wa pili. Mwanafunzi aliyeliuzia sabuni chuo kikuu, hata madumu kumi tu, akienda hotelini akaulizwa “nani mwingine anatumia hii?” anacho cha kujibu. Jibu hilo halifundishwi kwa slaidi, na wewe ndiye pekee unayeweza kulitoa kwa sahihi moja, bila mfadhili, bila utepe.

Kuhusu mtaji nitasema machache. Wanafunzi wako tayari wanao: ni bumu. Fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, ndizo zinazonunua mzigo wa kwanza mjini. Mwanafunzi anakula mlo mmoja ili pafyumu zitoke. Bumu likichelewa, si chakula tu kinachokosekana, biashara zote za hosteli hulala, na madeni ya kibandani kwangu huamka. Ikiwa serikali inagharamia biashara hizi bila kujua, nadhani chuo kingeweza angalau kujua.

Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea. Binti wa sabuni na wenzake waliunda kikundi wakaifuata. Ofisi ya mtaa iliwaambia wao ni watu wa chuo, warudi chuoni wakatambuliwe. Chuoni wakaambiwa biashara haitambuliki, waende mtaani wanakoishi. Wanaishi hosteli. Wameshinda njiani mwezi mzima kati ya mihuri miwili, kila upande ukiwa na hakika kwamba wao ni wa upande wa pili.

Hilo la anwani linanipeleka India, ambako najua ulifika. Usishtuke: ripoti ya ziara ya mafunzo ilidurufiwa kwangu, na ukurasa wa picha ya pamoja ndio pekee uliotolewa kwa rangi. Ripoti ilieleza vizuri sana ukarimu wa wenyeji. Huenda nafasi haikutosha kueleza kwamba mwaka 2019 wizara yao ya elimu na baraza lao la elimu ya ufundi, AICTE, walitoa sera ya ubunifu na kampuni changa kwa wanafunzi na wahadhiri, ambayo pamoja na mengine inamruhusu mwanafunzi, kwa kibali, kusajili kampuni yake kwa anwani ya chuo. Anwani tu, Mheshimiwa. Haina gharama, haina kontena la kugomboa bandarini. Hapa kwetu ukienda kwenye mfumo wa usajili wa BRELA unaulizwa biashara iko wapi. Ukienda TRA kuchukua TIN unaulizwa iko wapi. Wanafunzi wako huandika kibanda changu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, steshenari yangu ina studio ya picha, kampuni ya programu za simu na kiwanda cha sabuni.

Katika nchi hiyohiyo, jimbo la Kerala lilikuwa na sera ya mwaka 2014 iliyomsamehe mwanafunzi mwenye kampuni changa hadi asilimia 20 ya mahudhurio na kumwongezea hadi asilimia 4 ya alama. Hizo alama za bure, kwa maoni yangu yasiyoombwa, si jambo jema. Aliyefeli hesabu asifaulishwe na biashara, maana biashara yenyewe itamfelisha baadaye. Lakini mahudhurio nayaunga mkono. Kijana aliyekwenda kusimamia mzigo wake usikaguliwe bila yeye asiandikwe mtoro, hali yule anayelala nyuma ya ukumbi wa mihadhara anaandikwa mhudhuriaji.

Liko jambo la mwisho katika yale mazito, nalo nitalisema polepole kwa sababu lina mwanasheria ndani yake. Kwenye maonesho ya ubunifu ya chuo kila mshiriki hujaza fomu. Nimeichapa kwa mamia. Kifungu cha saba kinasema ubunifu wowote utakaooneshwa utakuwa mali ya Chuo. Kijana mmoja wa TEHAMA aliyetengeneza programu ya kupanga foleni za zahanati aliisoma fomu hiyo akiwa amesimama mbele ya kaunta yangu, akaisoma tena, akaikunja, akaniuliza nina kiberiti. Hakushiriki. Mwaka huo washindi wote watatu walionesha vitu ambavyo hakuna mtu angeviiba.

Sisemi chuo kisipate kitu. Kikitoa maabara, mhadhiri na umeme, kina haki. Wenzetu wanachofanya ni kuandika haki hiyo ni kiasi gani. Afrika Kusini wana sheria ya mwaka 2008 juu ya miliki bunifu inayotokana na utafiti unaogharamiwa na umma: aliyebuni hupata angalau asilimia 20 ya mapato ya randi milioni moja ya kwanza ambayo taasisi imeingiza, na kuanzia hapo angalau asilimia 30 ya mapato halisi. Ile sera ya India inakiruhusu chuo kuchukua hisa za asilimia 2 hadi 9.5 kulingana na kilichochangia, na inasema wazi kwamba mwanafunzi aliyebuni kitu bila kutumia vifaa vya chuo, na nje ya mtaala, kitu hicho ni chake chote. Makerere, ambako wanafunzi na wahadhiri walitengeneza gari la umeme la viti viwili, Kiira EV, mwaka 2011, leo kuna kampuni ya serikali ya Uganda yenye kiwanda Jinja na mabasi ya Kayoola, na chuo kina fungu lake dogo la hisa. Mtu anaweza kulalamika kwamba fungu ni dogo. Angalau lina tarakimu ya kulalamikia. Chagua namba yoyote, Mheshimiwa, hata isiyopendeza. Nitaichapa bure.

Wala si lazima tuvuke mipaka. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wahitimu na walimu wao walianzisha ushirika wa wajasiriamali, SUGECO, ambao vijana hufanya kazi humo katika vitalu nyumba na usindikaji, wakala hasara na faida wakiwa na watu wazima karibu. Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali, akashinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Linalonivutia mimi mfanyabiashara si tuzo. Ni kwamba chujio liliwekwa mikononi mwa watu wa kawaida wauze maji masafi vijijini mwao, wakapata kipato. Vitu hivi vimefanyika hapahapa, chini ya sheria zilezile za utumishi wa umma, na walinzi walewale getini.

Nimeona kwenye rasimu ya mkakati mpya wa miaka mitano, ambayo bado ni siri na sitaieleza, kwamba lipo lengo la kujenga ghorofa ya pili ya Kituo cha Ubunifu. Naliheshimu lengo hilo. Nathubutu tu kushauri kwamba kabla ya ghorofa ya pili, chini ijaribiwe Jumamosi. Meza ishirini zitolewe nje ya milango ile ya vioo, gulio la wanafunzi kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, kila muuzaji na kitambulisho chake cha chuo shingoni, mhadhiri wa ujasiriamali akipita meza kwa meza na daftari la alama. Asiyeuza kitu aeleze kwa nini. Hiyo itakuwa koswaku nzito kuliko andiko la kuku. Nami nitapoteza biashara ya spairo. Nimekwisha kupiga hesabu, nitaifidia kwa lebo za chupa.

Naomba nimalize kwa mambo mawili madogo ya kiofisi, ambayo naona aibu kuyaweka mbele ya mtu wa hadhi yako.

La kwanza ni ankara. Kituo cha Ubunifu na Ujasiriamali kilidurufu kwangu kijitabu cha mwongozo wa kuwawezesha wajasiriamali wadogo, nakala mia moja na hamsini, kwa makubaliano ya kulipwa ndani ya siku thelathini. Nimeambiwa malipo yako kwenye mchakato. Nilikwenda Uhasibu, nikapokewa vizuri, nikapewa kiti. Shilingi 450,000 kwa chuo kikuu ni vumbi. Kwangu ni wino wa muhula. Nalitaja kwa sababu ukiridhia ombi langu la kununua kwa wanafunzi, mwanafunzi hawezi kuisubiri Uhasibu kama ninavyoisubiri mimi. Madumu kumi yasiyolipwa kwa miezi mitatu yatamfunza kuliko somo lako lote, na atakachojifunza ni kutoliuzia chuo kitu tena.

La pili ni la binti wa Kemia. Kamati ya nidhamu ilimpa onyo la maandishi, analo kwenye faili, na anahitimu Novemba. Hakati rufaa. Anachoomba ni kurudishiwa madumu yake mawili, kwa kuwa dumu tupu nalo ni fedha. Sabuni iliyokuwamo haidai, maana nimewauliza askari, wakaniambia bila kuficha kwamba ilikwisha zamani, na kwamba ile ya mzabuni haitoi povu hivyo.

Nabaki kuwa wako mtiifu,

Mwenye steshenari, mkabala na geti kuu.